Meli ya Ndani ya Kioo

Wiki iliyopita mjukuu wangu aliletewa sanduku na mama yake kutoka huko ughaibuni anakofanya kazi. Juu yake imechorwa meli ya kivita, ndani mna vipande vya plastiki visivyo na idadi na kichupa cha gundi. Alipokifungua kile kichupa sebuleni, harufu ikanifuata mpaka jikoni. Niliweka mwiko chini, nikatoka uani, nikakaa mpaka wali ukaungua. Mjukuu akaja mbio, "Bibi, ni presha?" Nikamwambia ndiyo, ni presha. Siku hizi mzee akinyamaza kidogo tu ana presha, na mimi sikuwa na nguvu za kubishana.

Nyie wenzangu wa rika langu mtanielewa. Kuna harufu mtu huzinusa mara moja utotoni na asizisahau tena. Hii ni ya ndizi zilizoiva kupita kiasi, zikachanganywa na mafuta ya taa. Mara ya kwanza kuinusa nilikuwa bado nina mapengo ya meno ya utoto, baba amenishika mkono ndani ya duka moja la Mombasa, tunatafuta meli ndogo ya kununua. Wala hatukuwa watu wa kununua vitu vya kuchezea. Tulitoka Mhezi, kule juu milima ya Upare, na meli hiyo tuliitafuta ili mama akubali kwamba kaka yangu amekufa.

Kaka yangu aliitwa Togolani. Kati yake na mimi mama alizika watoto wawili, kwa hiyo yeye alikuwa mkubwa wa nyumba na mimi kitindamimba, na hapo katikati hapakuwa na mtu. Alinibeba mgongoni hadi miguu yangu ikawa mirefu ya kutia aibu. Sifa yake kijijini ilikuwa kwenye ndiva. Kwa asiyetujua, ndiva ni bwawa letu la kumwagilia, lina ukuta wa mawe na udongo, linajaa usiku na kufunguliwa asubuhi ili maji yaende mashambani kwa zamu. Chini kabisa pana tundu lililozibwa kwa gogo. Gogo likinasa kwenye matope, lazima mtu apige mbizi akaling'oe, kisha ajitupe pembeni upesi kabla maji hayajamvuta. Mtu huyo alikuwa Togolani. Mimi nilikaa ukingoni nimeshika shati lake, nikibana pumzi pamoja naye, na kila siku nilishindwa mimi kwanza.

Wazungu walipoingia vitani, aliandikishwa. Alishuka Same na vijana wenzake, wakapanda treni, akatuandikia barua mbili. Ya tatu ililetwa na tarishi wa bwana shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya. Ilisema meli iliyowabeba kwenda vitani ilipigwa ikazama katikati ya bahari, na Togolani amekufa maji.

"Maji?" mama aliuliza. "Togolani?" Kisha akarudi kupepeta mahindi yake.

Kwetu msiba haumaliziki mpaka wafiwa wanyolewe. Watu wa kanisani walikuja wakasali, tukaimba, lakini hata wazee wa kanisa walijua kwamba sala ni sala na wembe ni wembe. Siku ya kunyoa ilipofika, baba alikaa kwenye kigoda akanyolewa nusu kichwa, mama akatoka ndani akamwambia anayenyoa aache. Mume hawezi kunyolewa msiba ambao mkewe anaukataa. Baba alitembea mwezi mzima na kichwa nusu kwa nusu, amevaa kofia jua na mvua, mpaka nywele zikamwotea tena. Niliwaona watu wakigeuka pembeni ili wasicheke.

Vita viliisha, baadhi ya wale vijana wakarudi. Mama aliendelea kumwekea Togolani chakula kwenye sahani ya bati. Baba mkubwa, kaka yake baba, ambaye ndiye alikuwa msemaji wa ukoo, akaja na wazee wawili.

"Mama Togolani," alisema, "tumekaa na msiba huu muda mrefu. Kijana hawezi kuachwa hivi, hajulikani yuko wapi."

"Kaeni nao ninyi. Mimi sina msiba."

"Barua imesema."

"Barua haijawahi kumwona akiingia kwenye ndiva," mama akasema. "Mniletee hiyo meli niione. Nikikiona kwa macho yangu kitu kilichomshinda Togolani, nitakaa hapa kwenye kigoda, mchana kweupe, mninyoe."

Mama alisema vile kuwafunga midomo. Baba alikuwa fundi wa kujenga ukuta wa ndiva, mtu wa maneno machache, na neno likishaingia kichwani mwake halikutoka. Baada ya mavuno akaomba barua kwa bwana shauri, akatuambia tunakwenda Mombasa, ile bandari ambako kaka alipandia meli. Mimi nilichukuliwa kwa sababu mama alisema haachi mtoto nyuma tena.

Tulishuka mlima kwa miguu tangu alfajiri, mama na kikapu cha makande kichwani, tukafika Same na joto lake. Kutoka ukingo wa mlima kwetu nilizoea kuiona treni ya Same ikitambaa chini tambarare, ndogo kama jongoo, na Togolani aliwahi kuniambia kwamba ndani ya jongoo yule mna watu wamekaa wanakula. Sikuamini mpaka siku ile nilipoipanda. Nikachungulia dirishani nikitafuta mtoto mwenzangu huko juu mlimani, anayeniona mimi ni mdogo. Tulibadilisha treni Kahe, tukabadilisha tena Voi. Baba aliposema tumeshaingia nchi nyingine nilikasirika, maana nilikuwa nimekaa macho kungoja ukuta wa mpaka na sikuona hata jiwe.

Tulifikia Majengo kwa mjomba Mbonea, mdogo wake mama, aliyekuwa kuli wa bandarini. Kesho yake akatupeleka getini. Askari aliisoma barua ya bwana shauri, akaikunja vizuri, akamrudishia baba. Raia haingii, alisema, na asubuhi ile hakuna aliyemshawishi vinginevyo. Mjomba akatuzungusha hadi mahali ambapo mkono wa bahari unaingia nchi kavu, akatuonyesha mbali kitu cha kijivu.

"Ile ndiyo meli, dada."

Mama alikitazama. "Lile ni jengo."

"Linaelea."

"Mbonea, umekaa huku mpaka umekuwa mwongo." Akainama, akachota maji kiganjani, akaonja, akatema. Kisha akanyoosha mkono kuonyesha ng'ambo. "Kule si naona miti? Na watu wanatembea? Togolani angefika pale kabla sijamaliza kufunga kitenge."

Baba alimweleza kwamba bahari yenyewe iko mbele zaidi, haina ng'ambo. Mama akamwuliza ameiona lini. Baba hakuwahi kuiona, na hakuwa mtu wa kusema uongo. Tulirudi Majengo, na mimi nilimwona mjomba amefura kwa hasira lakini macho yana machozi.

Ndipo mjomba akakumbuka kwamba mjini kuna maduka yanayowauzia watoto wa Wazungu meli ndogo, zilizotengenezwa kufanana na zile za kweli kwa kila kitu. Baba akapata uhai. Akasema tutainunua moja, mama ataiona kwa karibu, na tutaipeleka Mhezi wazee nao waione. Tangu hapo neno likawa moja tu mle ndani: kesho tukaione meli ya Togolani. Hakuna aliyekaa na mimi akanieleza zaidi, nami sikuuliza. Nililala nikijua kwamba kesho nitaiona meli ya Togolani.

Siku mbili tulizunguka na mjomba. Sitaki kuwadanganya, mimi nilifurahi sana, na furaha ile bado inaniuma. Mama alitembea nyuma yetu na kitambaa chake kichwani, amefunga nywele zote zisionekane, maana zilikuwa zimekuwa nyingi na hakutaka kuulizwa. Duka la kwanza la Mhindi lilikuwa na meli za bati za rangi nyekundu. Mwenye duka akaizungusha moja funguo, ikaanza kukimbia juu ya meza, ikagonga mizani ikaanguka ubavu. Mimi nikacheka. Mama akaiokota, ikatosha kwenye kiganja chake.

"Hiki?" alimwuliza baba. "Hiki ndicho kimemuua mwanangu?"

Duka la pili hawakuturuhusu kuingia. La tatu lilikuwa na ndege za kuchezea tu. La nne lilikuwa la Mgoa mmoja, Mhindi wa Goa, mwenye miwani, uchochoroni, na ndilo la ile harufu. Kila ukuta ulijaa vibao vyembamba vya mti mwepesi, vichupa vya rangi, gundi, karatasi zenye michoro. Mgoa akatushushia sanduku lenye picha ya meli kubwa inayopasua mawimbi. Baba akashusha pumzi. Sanduku likafunguliwa, ndani mna vijiti.

"Meli iko wapi?" baba aliuliza.

"Unaijenga mwenyewe, mzee. Kidogo kidogo. Mwezi, miezi miwili."

Baba alikiinua kijiti kimoja, akakigeuza kwa vile vidole vyake vya kubebea mawe. Nilimwona akifikiri kweli, akijaribu kujiona amekaa Mhezi anagundisha vijiti wakati mama anasubiri. Akakirudisha. Akamweleza yule Mgoa sababu ya safari yetu, kwa Kiswahili chake kigumu cha mlimani, na Mgoa akavua miwani akaifuta muda mrefu. Akasema kuna ofisi moja ya kukata tiketi za meli, pale barabara kubwa, wana meli ndani ya sanduku la kioo. Haiuzwi. Lakini kuangalia ni bure.

Tulifika saa za chakula, mjomba akabaki barabarani. Tarishi wa pale alikuwa mzee wa Kimombasa, kanzu na kofia, na baba alipomwambia habari zake alitazama nyuma akasema, "Bwana mkubwa amekwenda kula. Ingieni upesi, na msiguse kioo."

Meli ilikuwa ndefu kuliko kitanda. Sijui niwaelezeje. Ilikuwa na kamba, ngazi, milango, bomba za moshi, madirisha ya mviringo madogo kama mbegu za ulezi, yamepangwa safu kwa safu. Imewekwa juu ya ubao uliopakwa rangi ya bluu yenye mawimbi. Mimi sikushangazwa na udogo wake. Nilishaiona treni ikiwa jongoo na baadaye nikaipanda. Nikajua kwamba kioo kile ndicho umbali, na tunaitazama meli ya Togolani kutoka juu sana, kama tunavyotazama Same.

Mama aliinama. Tarishi akaanza kumwonyesha, na baba akawa anamtafsiria kwa Kipare, maana Kiswahili cha mama kilikuwa cha salamu tu.

"Kila kidirisha hapo ni chumba cha watu. Na hapa chini, pasipo na dirisha, ndipo walipolazwa askari."

"Hapo si ndani ya maji?" mama aliuliza.

"Ndani ya maji, mama. Wanalala chini ya maji, na milango inafungwa."

Baba alitafsiri taratibu. Mama akapitisha macho kutoka mbele ya meli mpaka nyuma, kisha kutoka juu mpaka pale chini. Alikuwa ameelewa. Ndiva ina tundu moja na Togolani alilijua; hapa palikuwa na matundu mia na yote yamefungwa. Mkono wake ukapanda kichwani, ukaanza kulegeza fundo la kitambaa. Nilizisikia pumzi za baba. Nadhani katika maisha yake baba hakuwahi kupumua vile, kwa huzuni na nafuu pamoja.

Na mimi, mwenye mapengo, nikauliza kwa Kiswahili cha shule, "Na hizi ndogo za pembeni ni za nini?"

"Hizo ni mashua za kuokolea watu," tarishi akasema. "Meli ikizama, huteremshwa hizo."

Baba hakutafsiri. Mama akamtazama. "Amesema nini?" Baba akatazama sakafu. Basi nikatafsiri mimi, kwa sauti, kwa majivuno ya mtoto anayejua lugha, kwamba ni mashua za kuokoa watu meli ikizama. Nikazihesabu. Zilining'inia mbili mbili kwenye vyuma vyake mpaka nyuma kabisa, na pale nyuma vyuma vilikuwa vitupu.

"Mama, moja haipo," nikasema. "Imeshaondoka."

Mama alisimama wima. Akaitazama nafasi ile tupu, akanitazama mimi, na uso wake ukafunguka. Mikono yake ikarudi kichwani, ikakaza lile fundo, ikalikaza tena.

"Asante sana, baba," alimwambia tarishi, kwa Kiswahili chake mwenyewe.

Baba alijaribu. Alisema huu ni mfano tu, Mama Togolani, umetengenezwa na watu, si meli ile. Mama alikuwa ameshatoka nje. Baba akanivuta mkono, si kwa ukali, kwa uchovu. Nilipokuwa napita kwenye kona ya lile sanduku, macho yangu yalikuwa usawa wa ule ubao wa bluu, mahali ambapo mtu mzima haoni bila kupiga magoti. Nyuma ya meli, kwenye kivuli, nikaiona mashua. Ilikuwa imepinduka, tumbo juu, katikati ya mawimbi.

Hakuna mtu ndani yake. Nilitazama vizuri.

Mama alikuwa barabarani ananisubiri, anacheka na mjomba. Sikuwa nimemsikia mama akicheka tangu barua ya tatu. Nikamshika mkono, nikanyamaza.

Kwenye treni alikula makande yake yote na yangu pia. Aliongea njia nzima: kwamba mashua ile lazima ilifika India, kwamba Wahindi wanapenda vijana wenye nguvu, kwamba ataoa huko na kuja na mwanamke asiyejua kupika. Baba alitazama nje tangu Voi mpaka Same. Mimi nilikaa katikati yao na ile mashua yangu iliyopinduka. Nilijua kwamba Togolani amekufa, nimeona mwenyewe, na hakuna mwingine ajuaye.

Wazee walipokuja na wembe umefungwa kitambaani, mama alinisimamisha mbele yao. "Mtoto ameona kwa macho yake. Sema. Mashua ilikuwepo pale?"

"Haikuwepo," nikasema.

Baba mkubwa alinitazama sana. Kisha akachukua fimbo yake akaondoka, na wembe ukaondoka naye.

Nilikuwa chuo cha ualimu nilipokuja kuelewa kitu nilichokiona. Gundi ilikauka, mashua ikadondoka, wafagiaji hawakuiona, basi. Ningerudi Mhezi nikamwambie nini? Alikuwa bado anaweka sahani. Aliwahi kuja mtu wa Usangi aliyekuwamo melini, akaokotwa. Baba ndiye alimtafuta akamsihi aje kusema. Alisema waliokuwa chini hawakuwahi hata kuamka. Mama alimsikiliza kwa adabu, akamuuliza swali moja tu, mashua zilikuwa ngapi. Mtu yule akasema, "Sikuhesabu, mama." Mama akamkaribisha chakula. Baba alikufa kabla ya mama, akiwa amenyolewa msiba wa kila mtu ila wa mwanawe. Mama alizikwa na nywele zake zote, nyeupe, na mimi ndiye niliyezisuka.

Katika ukoo wetu inajulikana kwamba hakuna aliyenyolewa kwa ajili ya Togolani. Si kweli.

Wiki chache baada ya safari nilichukua gunzi la mahindi, nikaenda nyuma ya zizi, nikajisugua kichwa mpaka ngozi ikachubuka. Nikapaka majivu. Kisha nikaenda kwa mama nikijikuna, nikasema nawashwa. Alinigeuza kwenye mwanga. "Una mapunye wewe," akasema, "umeyatoa huko Mombasa kwa mjomba wako mchafu." Akaleta kigoda, maji, sabuni na wembe wa baba. Nikakaa kwenye kile kigoda, mchana kweupe, kama alivyowaambia wazee.

Alininyoa polepole, akiimba kidogo. Aliniambia kaka yako akirudi akukute na kichwa kama yai, atacheka mpaka akae chini. Nywele zikaanguka mapajani, nikazikusanya kwenye ngumi, nikabana pumzi kama pale ukingoni mwa ndiva, na tena nikashindwa.

"Unalia nini? Wembe umekukata?"

"Ndiyo, mama. Umenikata."

Aliuweka wembe chini. Akanishika kichwa kwa mikono miwili, akapitisha kidole taratibu kila mahali, akitafuta damu, na hakuiona.